Indiketa ya kulia imegoma? Bonyeza hazadi kwanza!

Jamani wenye magari wa Mirongo, kabla hujatoa noti mfukoni, bonyeza hazadi. Taa zote zikiwaka na kuzima, basi balbu zako nzima na waya za kwenda kwenye taa hazina kesi. Mchawi ni swichi, ule mkono unaoupandisha na kuushusha hapo kwenye usukani.

Hii nimeiona kwenye Corolla ya anko. Kushoto inaonyesha, kulia kimya. Ukiushikilia mkono kwa kidole inawaka, ukiuachia inazima. Fundi wa kwanza akatuambia tununue balbu na flasha. Flasha ya nini, bwana, wakati kushoto inapiga kama saa ya ukutani? Na mjini hapa kukata kulia bila ishara ni kumwita bodaboda ubavuni. Anakuovateki upande huohuo, tena kapakia mama na mtoto.

Fundi umeme wa pili, kijana wa gereji bubu, alichomoa kwanza waya wa betri, akafungua skrubu chini ya plastiki za usukani, akatoa swichi. Ndani shaba imelika, nyeusi tii! Akaipiga msasa, ikadumu siku tatu tu. Tukatafuta ya mtumba, na hatukulipa mpaka tulipolinganisha soketi na ile ya zamani, maana sura zinafanana lakini pini ni mbalimbali.

Kuifunga, nusu saa. Siku hizi anko anawasha indiketa hata akiingia uani kwake, ambako hakuna anayemtazama ila kuku.