Kichwa cha Mama

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo niliieleza vizuri sana katika mtihani wa shule. Kuielewa kulinichukua miaka mingi zaidi.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishikwa na kichwa mara mbili au tatu kwa mwezi. Nyumbani kwetu Tanga kila mtu alizijua dalili. Alijifunga kanga kwa nguvu kwenye paji la uso, akafunga madirisha, akalala gizani na beseni la kutapikia kando yake. Sauti ya redio ilimtesa. Harufu ya vitunguu vikikaangwa ilimtesa zaidi. Kesho yake au kesho kutwa aliamka, akafagia uwanja kama mtu ambaye hakuumwa kamwe.

Ugonjwa usioacha alama hauna shahidi. Wako waliosema ana jini. Akachanjwa chale pajini, akafukizwa, akapungwa. Wako walionong'ona kwamba anakwepa kazi, maana kichwa hakikosi kumshika siku za shughuli. Mwaka 1987, nikiwa na miaka 15, nilirudi kutoka shule nikakuta jiko limepoa. Nikasimama mlangoni mwa chumba chake nikasema: "Mama, kila kazi ikija, na kichwa kinakuja." Hakunijibu. Aligeukia ukutani.

Mwaka 2003 nilikuwa karani wa hesabu. Asubuhi moja tarakimu zilianza kunipotea kwenye daftari. Mahali pake palitokea doa la mwanga, likakua likawa nusu duara yenye meno ya msumeno, inameremeta. Nilifumba macho, nalo lipo. Nikajua napofuka. Baada ya dakika 20 hivi mwanga ukaondoka, nikamshukuru Mungu. Kumbe nilishukuru mapema. Upande wa kushoto wa kichwa ulianza kugonga kama nyundo, na kila hatua niliyopiga iliongeza pigo. Nilitapika mbele ya wenzangu.

Daktari alinisikiliza, akaniambia ni kipandauso. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwingine anacho? Maradhi haya hurithiwa." Swali hilo lilinichoma kuliko sindano.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kupata. Kwa miaka mingi matabibu waliamini kwamba chanzo ni mishipa ya damu ya kichwani kutanuka tu. Leo wanajua kwamba mambo huanzia ndani ya ubongo wenyewe. Saa nyingi kabla ya maumivu, sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia usingizi na njaa huwa imekwisha kubadilika; ndiyo maana wengine hupiga miayo au kutamani vitu vitamu. Yule mwanga wa msumeno ni wimbi la umeme linalotambaa juu ya ubongo, upande wa kisogoni tunakoonea, likiacha seli zimenyamaza nyuma yake. Mwaka 1941 mwanasayansi Karl Lashley, aliyekuwa na maradhi haya, alichora mwanga wake mwenyewe akakadiria kwamba jambo hilo husafiri milimita 3 kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi kama hilo aliloliona kwenye ubongo wa sungura. Wagonjwa wengi hawauoni mwanga huo kabisa, lakini maumivu wanayo.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa yake ya damu. Ncha za mshipa mkubwa wa fahamu wa usoni humwaga hapo kemikali iitwayo kwa kifupi CGRP. Mishipa hutanuka, utando huwa kama kidonda, na kila pigo la moyo huhisiwa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa za kwanza zilizotengenezwa makusudi kuizuia kemikali hiyo. Kuhusu siku za shughuli, nazo zina sababu: usingizi uliokatwa, chakula kilichorukwa, na mahangaiko vyote huamsha maradhi. Mama hakukimbia kazi. Kazi ndiyo iliyomwangusha.

Hayo mengi sikuyajua siku niliyokwenda kwake, wiki moja baada ya kile kichwa changu cha kwanza. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, baba." Nikamweleza yaliyonipata, nikafika kwenye ule mwanga. Akaacha kuchambua mchele.

"Una meno?" aliuliza.

"Una meno, mama."

Alikaa kimya kitambo. "Mimi nauona tangu sijaolewa. Sikumwambia mtu. Ningesema, wangeniongezea majini."

Nikamwomba radhi kwa maneno yale ya mlangoni. Alisema hayakumbuki. Nilijua anayakumbuka.

Mama alifariki mwaka 2011. Mwaka 2019 binti yangu, akiwa kidato cha pili, alirudi kutoka shule mkono umefunika jicho, akasema hawezi kuosha vyombo. Sikumuuliza kitu. Nilifunga pazia, nikazima redio, nikamwekea beseni kando ya kitanda.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo anayelala gizani mchana. Usisimame mlangoni ukamhukumu. Ingia polepole, umuulize anaona nini.