Dripu Iliyo Mbali

Tulitoka Faza baada ya swala ya alfajiri, mimi na dada yangu, tukiwahi mkondo wa Mkanda kabla maji hayajapwa. Anayechelewa hapo chombo chake hukwama, naye hungoja maji yajae tena. Mokowe tukapanda basi: Witu, Garsen, Malindi, hata jioni tukaingia Mombasa. Safari yote hiyo ni kwa ajili ya dripu ya saa chache, ambayo daktari alimpangia kila baada ya siku 21.

Asubuhi alipimwa damu. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka, na dawa ya saratani ingezidi kumwondolea kinga. Daktari alitwambia, kwa haki, turudi baada ya wiki moja. Dada yangu hakulia. Aliketi akahesabu nauli ya watu wawili, maana hasafiri bila ya maharimu, kisha akasema, "Kaka, usinisumbukie tena. Niache nyumbani na wanangu."

Ndugu zangu, hakuwa amekata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Alikuwa amechoshwa na njia.

Huko Uingereza, shirika la Hope for Tomorrow lilianza mwaka 2007 kuwafikishia wagonjwa tiba hii kwa gari kubwa lenye viti vyao, na ndani yake wauguzi wa hospitali. Si kila tiba husafiri: mashine ya mionzi huhitaji kuta nene za zege, nayo haiondoki mahali pake. Lakini damu yaweza kupimwa karibu na nyumbani kabla mgonjwa hajafunga safari. Na baadhi ya dawa za mshipani, daktari akisharidhika na hali ya mgonjwa, zaweza kutiwa na muuguzi aliyefunzwa, penye vifaa vya dharura. Gari kama hilo likifika Mokowe, mgonjwa wa Faza atabakiwa na kuvuka bahari tu.

Dini imetufundisha kumzuru mgonjwa alipo. Basi dawa nayo na imzuru. Tuwaombe viongozi wetu jambo hili. Na hadi litimie, kamati za misikiti zichangie nauli, na mwenye chumba kitupu Mombasa amfungulie mgonjwa na maharimu wake.

Wiki ilipotimia nilibisha mlangoni kwa dada yangu kabla ya adhana, nikiwa sina uhakika wa jawabu. Alikuwa ameshavaa buibui.