Kwa Nini Hayo Tena?

Mwaka huu nimeulizwa swali moja kuliko maswali mengine yote: kwa nini magonjwa ya akili? Hapa Ohio huulizwa na madaktari wanaotabasamu kwenye kioo cha kompyuta, na wanangoja jibu. Tanga aliniuliza mama, kwenye simu, sauti imeshuka: "Mwanangu, kwa nini hayo tena?" Hakungoja jibu. Akahamia habari za mvua.

Niko mwaka wa nne, wa mwisho, wa shule ya udaktari. Marekani mwanafunzi huchagua ubingwa kabla hajahitimu, kwa hiyo mwaka huu wote umekuwa wa kuomba. Mwishoni mwa Septemba hospitali za mafunzo huanza kusoma maombi: barua za walimu, barua ya mkuu wa shule, na alama za mtihani wa Step 2, ambazo zimezidi kuwa na uzito tangu Januari 2022, Step 1 ulipobaki kuwa wa kufaulu au kufeli tu. Juu ya hayo yote kuna insha ya ukurasa mmoja, ya kueleza wewe ni nani.

Insha hiyo ilinitoa jasho kuliko mtihani wowote. Niliiandika upya mara kumi na moja. Nilishauriwa nisizame sana kwenye ugonjwa wa mtu wa familia, wasije wakadhani naomba kazi ili nijitibu mwenyewe. Basi nikaandika "mtu wa karibu nami", sentensi mbili, nikapita. Kisha mahojiano, kuanzia Oktoba hadi Januari, na jibu la dakika mbili nililolikariri mpaka nikawa nalisema usingizini.

Baada ya mahojiano, mwombaji hupanga hospitali kwa jinsi anavyozipenda, nazo humpanga yeye, na kompyuta huwaoanisha. Kiswahili kimeipatia hapa, maana hesabu yenyewe ina undugu na ndoa: mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walionyesha jinsi ya kuoanisha wanaume na wanawake hivi kwamba pasiwe na wawili ambao wote wangependa kuwaacha wenzao ili waoane wao. Alvin Roth alisaidia kuurekebisha mfumo wa madaktari kwa misingi hiyo, na mwaka 2012 yeye na Shapley wakapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wiki ya tatu ya Machi, Jumatatu unaambiwa kama umepata nafasi, na Ijumaa unaambiwa wapi. Ukishaoanishwa umefungwa. Mafunzo ni ya miaka minne, na mwaka wa kwanza una miezi ya kutibu magonjwa ya kawaida ya mwili na miwili ya mishipa ya fahamu.

Rafiki yangu wa sekondari alibaki nyumbani. Alisoma MD miaka mitano, akafanya utarajali mwaka mmoja, akapata usajili, akaenda wilayani. Sasa yuko mwaka wa tatu kazini na ndiyo kwanza anaomba MMed ya magonjwa ya akili, miaka mitatu mingine. Insha hakuandika. Kinachomkosesha usingizi ni ruhusa ya mwajiri na nani atalipa ada.

Mwezi wa nane nilikwenda kujifunza wiki nne katika hospitali ya rufaa ya mkoa, nyumbani. Siku ya kliniki ya akili, benchi lilijaa tangu alfajiri, na wengi waliokuwa pale walikuwa na kifafa. Huku Ohio hao wangekwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, idara nyingine kabisa. Pale daktari ni huyo huyo, daftari ni hilo hilo, na mama wa mgonjwa yumo chumbani tangu mwanzo. Ndiye anayejua dawa iliisha lini na nani kijijini alisema isimezwe. Huku nimewahi kuzungumza na kijana kwa saa nzima huku mama yake yuko nje ya mlango, kwa sababu kijana hakuridhia tumweleze chochote. Sheria ile ya usiri wa mgonjwa ina maana yake, naiheshimu. Lakini benchi lile lilinifundisha kuuliza "nani anakupikia?" kabla sijauliza kuhusu usingizi, na hakuna kitabu cha mtihani kilichokuwa na swali hilo.

Naamini nyumbani tunapatia kwa jambo moja: rafiki yangu anachagua akiwa ameshakesha na wagonjwa hawa, wala si kwa wiki chache za wodini. Lakini wangapi wangechagua kama yeye, laiti mwalimu mmoja angewakalisha chini awaulize wanataka nini, na kwa nini? Mpaka leo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, ni neno la kutukaniana mitaani. Kijana anayesema anataka kwenda kufanya kazi pale anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Januari nilimwomba rafiki yangu anifanyishe mazoezi ya mahojiano. Nikaanza jibu langu la dakika mbili kwa Kiingereza. Akanikatiza: "Sema kwa Kiswahili." Sikuweza. Maneno yote niliyoyakariri hayakuwa na pa kushika.

Kisha nikamweleza habari za mama mdogo. Nyumbani tulikuwa tunasema anaumwa kichwa. Alipelekwa kwa waganga watatu, na baadaye akawekwa chumba cha uani, komeo kwa nje. Mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa nampitishia chakula dirishani, sahani ya bati. Siku nyingine alikuwa akinishika vidole, asiviachie.

Rafiki yangu alikaa kimya. "Hayo umeyaandika?"

"Hapana."

Mahojiano ya mwisho yalikuwa Alhamisi. Jumatano usiku nilimpigia mama kumwomba ruhusa. Ni mdogo wake yule, tumbo moja. Nilisikia akivuta kiti, akakaa.

"Waambie," akasema. "Lakini waambie pia alikuwa fundi cherehani. Nguo zako zote za sikukuu alikushonea yeye."