Harufu Iliyokaa Katika Jezi

Katika milango mitano ya fahamu ambayo mwanadamu amejaliwa, pua ndiyo iliyo ngumu kufungwa. Jicho lina kope zake, na ulimi una midomo ya kuuzuia. Lakini pua haina kifuniko, na mtu hawezi kula wala kukimbia hali ameibana kwa vidole. Kwa sababu hii harufu mbaya ni shtaka lisilongoja mahakama. Mara inaposikika, kila mmoja hutazama kando yake kumtafuta mkosaji, na mara nyingi humpata kabla hajamtafuta vya kutosha.

Msomaji wangu, pengine utacheka nikikuambia kuwa insha hii ni juu ya mkojo wa paka na mavazi ya mchezo wa kandanda. Cheka, kisha usome. Jambo dogo linaloweza kumfanya kijana akose usingizi si dogo kwake, na elimu inayoweza kumrudishia usingizi huo haistahili kudharauliwa, hata ikiwa imetoka katika karai la kufulia.

Katika shule moja ya bweni niliyopata kufundisha baada ya kutoka chuo cha ualimu, palikuwa na chumba kidogo cha kuwekea vifaa vya michezo. Ndani yake mlikuwa na jezi, soksi, njumu, kinga za muundi na glavu za mlinda lango. Dirisha la chumba hicho lilikuwa limevunjika kioo kimoja, na kwa kuwa nafasi yenyewe ilikuwa ndogo, hapana aliyeijali. Ufunguo ulikabidhiwa mvulana wa kidato cha kwanza, mpole, mwenye maneno machache, aliyeupokea kama mtu apokeaye cheo.

Siku nne kabla ya mechi na shule jirani, wachezaji walikwenda kuchukua jezi zao wakazirudisha upesi. Harufu iliyotoka mlangoni iliwaumiza macho. Ilikuwa harufu ya mkojo, tena kali. Hapana aliyeuliza mkojo huo ulikuwa wa nani wala ulifikaje pale. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa mdogo kuliko wote. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amekwisha kupewa jina la Kikojozi. Ikasemwa ya kuwa alificha shuka zake mbichi katikati ya jezi. Usiku ule alikula peke yake mwisho wa meza, na asubuhi yake aliniletea ufunguo, akauweka juu ya meza yangu pasipo kusema neno.

Niliwaita wachezaji nikawauliza ushahidi wao. Mmoja akajibu kwa methali, "Mwalimu, lisemwalo lipo." Methali ni hazina ya wahenga, walakini hazina yaweza kutumiwa vibaya. Lisemwalo lipo midomoni mwa wasemao. Kama lipo na mahali pengine, hilo ni jambo la kwenda kuliangalia. Basi tukaenda kuliangalia.

Tulikuta mambo matatu. Kwanza, ukuta ulikuwa na michirizi mikavu iliyoanzia kimo cha goti na kuteremka hadi rafu ya chini zilipopangwa jezi. Pili, kizingiti cha dirisha chini ya kioo kilichovunjika kilikuwa na nyayo ndogo za vumbi. Tatu, manyoya mekundu yalinasa katika ncha ya kioo. Shuka hazinyunyizi ukuta, wala mvulana hapiti katika tundu la kioo kimoja. Jioni ile tulisimama mbali kidogo, na magharibi haijaingia sawasawa alikuja paka dume mwekundu, akaruka dirishani kama mwenye nyumba arudiye kwake.

Paka dume asiyehasiwa hunyunyiza mkojo wake ukutani kwa kusudi la kuweka mpaka. Hiyo ni barua yake kwa paka wengine, nayo yasema, "Hapa pana mwenyewe." Harufu ikianza kufifia, huirudia. Kwa hiyo anayefua nguo akauacha ukuta, na anayefua ukuta akaliacha dirisha, hufanya kazi isiyo na mwisho.

Lakini kwa nini mkojo wa paka ukanuka kupita mwingine? Paka wa nyumbani ni kizazi cha paka-mwitu wa Afrika, mnyama aliyezoea nchi kavu. Figo zake hubana maji sana, na mkojo wake hutoka mchache na mzito. Ndani yake mna yurea, kama ilivyo katika mkojo wetu, na zaidi ya hiyo mna asidi amino iitwayo felinini, yenye salfa. Nayo huwa nyingi zaidi kwa dume kuliko kwa jike. Ukiwa mbichi mkojo huo haujafikia ukali wake. Kadiri muda unavyopita, felinini huvunjika na kutoa viini vya salfa vinukavyo sana, na bakteria huivunja yurea ikawa amonia, ile iumizayo macho. Hii ndiyo sababu harufu ya siku ya pili hushinda ya siku ya kwanza.

Bakteria huivunja yurea kwa kimeng'enya kiitwacho yurease. Mwaka 1926 mwanakemia wa Marekani, James B. Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikitoa kimeng'enya hicho katika maharagwe ya aina fulani akakifanya fuwele, nacho kilikuwa cha kwanza cha jamii yake kupata kufanywa hivyo. Akasema ya kuwa vimeng'enya ni protini. Mabingwa wengi wakamkatalia. Yeye hakupiga kelele. Alirudia majaribio yake, na mwaka 1946 akawa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia. Ukumbuke pia ya kuwa mtu huyu alipoteza mkono wake wa kushoto kwa ajali ya bunduki windoni alipokuwa na umri wa miaka 17, hali alikuwa mtu wa shoto. Alijifunza kuutumia wa kulia, akaendelea na michezo. Nilipowasimulia vijana habari hii mbele ya karai, walinyamaza kidogo, kwa maana walifahamu mara moja ni nani miongoni mwao aliyekuwa ameshindwa na wingi wa midomo pasipo kushindwa na ukweli.

Sasa nikupe namna ya kufua, nawe uishike vema.

Anza na maji baridi. Maji ya moto huziganda protini katika nyuzi, na joto hupandisha harufu. Kwa hiyo hata pasi ikae mbali mpaka nguo iwe imesafika kabisa. Suuza mara mbili au tatu mpaka maji yatoke safi. Kisha chukua kikombe kimoja cha siki katika vikombe vitatu vya maji, uroweke nguo kwa muda wa nusu saa. Siki ni asidi na amonia ni besi. Zikikutana hufanya chumvi isiyoruka hewani, na kisichoruka hakifiki puani. Ukikosa siki, maji ya ndimu yatafaa, ila unawe mikono kabla ya kutoka juani, kwa maana ndimu na jua hubabua ngozi.

Suuza tena uondoe siki yote. Hapo ndipo utie sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambayo huandikwa hivyo juu ya pakiti, uache nguo zilale humo usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Vimeng'enya huvunja uchafu kidogo kidogo kama mchwa alavyo mti. Vyataka muda, wala haviharakishwi kwa kusugua. Asubuhi suuza, anika juani penye upepo. Soda ya kuokea mikate yaweza kunyunyizwa katika njumu zilizokauka ili inyonye harufu iliyosalia, kisha ikung'utwe. Usiichanganye na siki katika chombo kimoja. Povu lake hupendeza macho, lakini asidi na besi hizo hulana zenyewe, ukabaki na maji ya chumvi.

Ngozi na mpira havitaki karai wala jua kali. Njumu za ngozi zipanguswe kwa kitambaa chenye siki na maji, zijazwe magazeti, zikae kivulini penye hewa. Glavu za mlinda lango zikandwe taratibu, wala zisikamuliwe kwa kusokotwa. Kinga za muundi zenye sifongo ndani ziloweshwe na kubanwa mara nyingi, kwa sababu sifongo huficha mkojo kama mchanga ufichavyo maji.

Jambo moja nakuonya kwa nguvu zote. Usimimine kamwe dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini juu ya mkojo. Klorini na amonia hutoa gesi ziitwazo kloramini, ambazo huchoma macho, koo na mapafu. Wala usiichanganye dawa hiyo na siki, kwa maana hapo hutoka gesi ya klorini yenyewe, ile ile iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Mvulana mwenye pupa, akiwa chooni na mlango umefungwa, aweza kujitengenezea silaha hiyo katika ndoo akidhani anafua.

Vijana wale walifua kwa siku mbili. Yule mwenye ufunguo ndiye aliyepima siki. Nahodha, ambaye alikuwa wa kwanza kulitamka jina lile, alikunja mikono ya shati akachutama mbele ya karai lile lile. Sikumsikia akiomba radhi. Nilimsikia akiuliza kama siki ingalipo, na mdogo wake akamjibu kuwa ipo. Tulipodhani tumemaliza, tulimwita mzee wa jikoni, kwa sababu pua huzoea, na aliyeshinda katika harufu hawezi kuihukumu. Mzee alinusa jezi moja moja kama anusaye samaki sokoni, akarudisha nne. "Hizi bado, wanangu," akasema. Zikarudiwa. Glavu za mlinda lango zilishindikana kabisa; zikatupwa, na mlinda lango akadaka kwa mikono mitupu. Ukuta ulioshwa kwa namna ile ile, na fundi akatia kioo kipya, kazi ya muda mfupi ambayo ingaliweza kufanywa mwaka mzima kabla yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mechi ilikwisha sare ya bao moja kwa moja. Ufunguo ulirudi kwa mwenyewe. Hata hivyo nisikudanganye: jezi zilikuwa safi siku ya Jumamosi, lakini jina la Kikojozi liliendelea kusikika huku na huku mpaka mwisho wa muhula, midomoni mwa wasiokuwapo tulipomwona paka. Kila liliposikika, nahodha alisema, "Alikuwa paka," akaenda zake. Alilazimika kulisema mara nyingi kuliko alivyolisuuza jezi.

Basi, msomaji, utakapokutana na harufu mbaya, iwe ya nguo au ya habari, jiulize imetoka wapi, imeingilia wapi, na ni nani aliyeona kwa macho yake. Maswali hayo hayagharimu fedha, wala hayahitaji siki. Na ikiwa miongoni mwenu yuko kweli akojoaye kitandani, ujue ya kuwa hayo ni maradhi ya mwili yapatikanayo kwa watoto wengi na hata kwa vijana, yenye tiba kwa daktari, wala si kosa la mtu. Mchukulie shuka zake bombani mapema kabla wengine hawajaamka, umfundishe maji baridi, siki, sabuni na jua. Nguo itasafika kabla ya adhuhuri, na hapatakuwa na jina la kufua.