Ngazi Tatu

Hujafa hujaumbika, walisema wahenga. Mimi niliumbika mapema. Polio ilinipitia ningali mtoto, ikaniachia mguu wa kushoto mwembamba na mwendo wa kuchechemea. Sekondari nilijifunza kuuficha: nilifika darasani kabla ya wenzangu, nikatoka wa mwisho.

Desemba 1989 nilipelekwa kwenye kambi ya vijana wa kanisa huko Mbozi. Wakati huo tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Mkeka wangu ulipakana na wa kijana wa Tunduma aliyetembea kwa magongo mawili. Yeye hakuwa na cha kuficha.

Bafu la kambi lilikuwa bondeni, na mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa utelezi mtupu. Mkuu wa kambi, mtu mwema kabisa, alisema vijana wenye nguvu watambeba. Mwenzangu alimshukuru, kisha akauliza: "Nikitaka kuoga usiku, nitamwamsha nani?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliomba bafu lihamishwe. Kesho yake tulikata miti na mabua, tukalijenga kando ya bweni, na tangu hapo hakuna aliyeshuka bondeni, hata wale wenye miguu miwili mizima.

Wiki ile nilivaa kaptura. Tulipokwenda kukitazama kimondo kule Ndolezi, tulitembea nyuma ya wote, tukipiga soga, na sikuona haya. Tuliagana tukiitana ndugu.

Baadaye nilisoma habari za kambi ya Jened, katika milima ya jimbo la New York, Marekani. Vijana wenye ulemavu walikutana huko wakati wa kiangazi. Mmoja wao, Judith Heumann, naye aliyepata polio utotoni, alikuwa miongoni mwa viongozi wa waliokalia jengo la serikali huko San Francisco mwaka 1977 kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi zitiwe saini. Baadhi ya waliokuwa naye ni rafiki zake wa kambini. Niliposoma hayo nilishikwa na aibu, nami nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1996 nilikuwa karani katika ofisi moja pale Tunduma. Mlangoni palikuwa na ngazi tatu. Ndugu yangu wa kambini, ambaye sasa alikuwa mfanyabiashara mdogo hapo mpakani, alilazimika kuketi chini na kujikokota kuzipanda, huku foleni nzima ikimtazama. Akaandika barua ya kuomba njia ya mteremko, akaniletea nitie saini pamoja naye. Nilimwambia nitafikiri. Kwa kweli niliogopa kibarua changu, na zaidi niliogopa kuhesabiwa miongoni mwa "vilema". Lugha yetu ilituweka katika ngeli moja na viti na vikapu, nami sikutaka kuwa kitu.

Alisubiri wiki mbili. Kisha akaniambia, "Sikukuomba unibebe, ndugu yangu." Akaipeleka barua peke yake. Haikujibiwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inadai majengo ya umma yafikike, na kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Alirudi na barua ya pili, sheria ikiwa mkononi. Safari hii nilitia saini. Yangu ilikuwa ya kumi na moja. Walionitangulia walikuwa mama lishe, wasukuma mikokoteni na wabadilisha fedha, wengi wao wazima wa viungo.

Mteremko wa saruji ulijengwa. Sikumwomba msamaha kwa ile miaka, naye hakunidai. Lakini kila nilipoukanyaga nilizihesabu zile ngazi tatu, maana moja yake nilikuwa mimi.