Safari ya Ozi: Kunde Katika Shamba Lililoingia Chumvi

Tulitoka Mombasa baada ya Swala ya Alfajiri, wanawake watatu na mtoto mmoja, tukaifuata barabara ya Malindi hadi Garsen, kisha Witu, na hapo tukakata kulia kuelekea Kipini. Haikuwa safari ya matembezi. Mwenzetu mmoja alifiwa na mamake mwaka jana, na katika mirathi aliyoachiwa mna fungu la shamba kule Ozi. Wajomba zake walikuwa wamemtumia maneno ya kumvunja moyo: shamba limeingia chumvi, mpunga haushiki tena, afadhali aliache wao watajua la kulifanyia. Naye, kabla ya kuwajibu, alitaka aione ardhi ile kwa macho yake.

Kipini ndipo mto Tana unapokutana na bahari. Tulipopanda mashua kuelekea juu, mmoja wetu alikumbusha Sura ya al-Furqan inavyotaja bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi kali, na kizuizi baina yao. Wakulima wa Ozi wameishi kwa kizuizi hicho vizazi na vizazi. Bamvua linapokuja, bahari huusukuma mto urudi nyuma, na maji matamu, ambayo ni mepesi kuliko ya chumvi, hupanda kingo na kuingia mashambani. Hivyo mpunga ulinyweshwa kwa nguvu ya bahari pasipo kuguswa na chumvi yake. Sisi tuliozaliwa mjini, tukiyajua maji ya bamvua kwa kuogelea tu, tuliyasikia hayo kama hadithi.

Lakini nguvu ya mto imepungua. Huko juu umezuiwa kwa mabwawa ya umeme, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga, lililo kubwa kuliko yote, mwaka 1981. Na maji mengine huvutwa kwa matumizi ya miji na mashamba. Wakati wa kiangazi mto unapodhoofika, ni bahari inayopanda.

Tulipofika shambani tuliona hayo bila kuelezwa. Upande wa chini, karibu na mto, udongo ulikuwa na ukoko mweupe mithili ya unga uliomwagika. Miembe miwili ilikuwa imekauka vilele. Mwenzetu alisimama kimya muda mrefu, na sisi tukamwacha.

Mama yake mdogo, aliyekuwa mwenyeji wetu, hakulia wala hakutufariji. Aliagiza bilauri tatu. Akachota ukufi wa udongo kutoka chini, mwingine katikati, mwingine penye mwinuko karibu na nyumba; kila mmoja akautia maji ya mvua, akakoroga, akaacha utuame. Kisha akampa mwenzetu aonje kwa ncha ya ulimi. Wa kwanza ulikuwa chumvi tupu. Wa pili ulikuwa na ukakasi. Wa tatu ulikuwa karibu na maji matupu.

“Mwanangu,” akamwambia, “ardhi haijafa. Imekataa mpunga tu.”

Pale penye mwinuko na katikati alikuwa amepanda kunde, nazo zilikuwa zimetambaa vizuri. Si muujiza. Wataalamu wa kilimo hupima chumvi ya udongo kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Mavuno ya maharage huanza kupungua chumvi inapopita kiasi cha 1, ya pojo karibu 2, ya mpunga 3, na ya kunde karibu 5. Basi mwanamke anayekazania maharage katika udongo wa namna hii anajitesa bure, na hata pojo, kwa utamu wake wote ukiliunga kwa nazi, si mmea wa kuutegemea hapo.

Hata hivyo kunde nazo zina masharti, na hapa ndipo bi mkubwa huyu alipotukalisha kitako. Kwanza, hazipendi kusimama majini kama mpunga. Zapandwa juu ya matuta, na upande wa mto huinuliwa ukingo wa udongo wa kuzuia bamvua. Pili, asitie mbegu mtu kwa mvua ya kwanza ya masika. Aziache mvua kubwa mbili tatu zioshe chumvi ishuke chini. Mche ukiwa mchanga ndio dhaifu kwa chumvi, na ukishaanza kutoa maua huwa umekomaa na kustahimili zaidi. Tatu, udongo usiachwe wazi juani, kwani jua huvuta maji juu, nayo yakikauka huiacha chumvi usoni. Yeye hutandaza mabua ya mpunga na makumbi ya nazi.

Kisha aling’oa mche mmoja kutoka juu na mwingine kutoka katikati. Mizizi ya kunde huwa na vinundu ambamo wamo vijidudu vinavyoutengenezea mmea mbolea kutokana na hewa. Alivipasua kwa ukucha: vya mche wa juu vilikuwa vyekundu ndani, navyo ni vizima; vya mche wa katikati vilikuwa vichache na vimepauka. Majani ya miche yote miwili yalikuwa ya kijani sawasawa! Chumvi hudhuru vinundu kabla ya kuudhuru mmea, kwa hiyo asiyeng’oa mche hudanganywa na majani. Ile sehemu ya katikati itahitaji samadi.

Usiku tulikula wali na kunde za nazi, na mboga ya majani yake. Mavuno yake, alituambia akicheka, hayajakaribia nisabu ya Zaka, ila jirani hakosi kibaba.

Asubuhi, tukingoja gari pale Kipini, tuliona mchangani mmea unaotambaa, majani matatu matatu, maua ya manjano. Ni wa ukoo mmoja na kunde na pojo, nao huota pale pale mawimbi yanaporusha chumvi; wataalamu huuchunguza ili wajue unaistahimili vipi. Tusiubebe nyumbani kuupika, maana ufukweni kuna jamii nyingine ya kunde ya mwitu, yenye maua ya zambarau, ambayo si ya kulisha watoto.

Mwenzetu aliwapigia simu wajomba kabla hatujafika Garsen. Aliwaambia kwa adabu kwamba fungu lake haliachi. Upande wa chini utabaki nyasi mpaka ukingo ujengwe. Ule wa juu atalima kwa ubia na mama yake mdogo. Katika mkoba wake mlikuwa na vibaba viwili vya mbegu vilivyochanganywa na majivu, kinga ya fukusi, avihifadhi hadi masika. Mjomba mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza ukingo huo utagharimu kiasi gani.