Mgeni na Jembe la Siku ya Tatu

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani ya kuwa neno hili lamwonya mgeni asiwe mvivu. Sisi, tulipokwisha kusoma kitabu kinene kiitwacho Shantaram, tuliona ya kuwa lamwonya mwenyeji zaidi.

Kitabu hicho kilitungwa na Gregory David Roberts, mtu wa Australia, kikatolewa mwaka 2003. Kina kurasa zaidi ya 900, nasi tulikisoma jioni kwa jioni muda wote wa masika, mvua ikinyesha juu ya migomba. Mtungaji mwenyewe alikuwa mnyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 1980 alitoroka gereza la Pentridge katika mji wa Melbourne, akakimbilia Bombay, mji wa Bara Hindi uitwao sasa Mumbai. Mwaka 1990 alikamatwa Frankfurt, Ujerumani, akarudishwa kumaliza kifungo chake. Lakini yafaa msomaji akumbuke ya kuwa kitabu hiki ni hadithi, wala si taarifa ya mambo yote jinsi yalivyotukia.

Katika hadithi, mtoro aitwaye Lin alifika Bombay na pasi ya uwongo. Kijana mmoja, Prabaker, akamwongoza mjini, kisha akampeleka kijijini kwao. Huko alijifunza Kimarathi, na mama yake Prabaker akampa jina la Shantaram, maana yake mtu wa amani. Aliporudi mjini alinyang'anywa fedha zake, akahamia kibanda katika mtaa wa mafukara. Moto ukazuka mtaani, naye akawaganga walioungua kwa dawa chache alizokuwa nazo. Tangu hapo wagonjwa wakawa wakimjia mlangoni. Hilo ndilo lililokuwa jembe lake la kwanza.

Sisi wa mlimani twalielewa jambo hili upesi. Maji ya mfongo si ya mtu mmoja. Siku ya kuusafisha, kila atumiaye maji hutoka na jembe, na asiyetoka hutozwa. Mgeni akishika jembe siku ile, ni wachache watakaomwuliza tena alikotoka. Hata Tengeru, karibu na Arusha, waliletwa tangu mwaka 1942 watu wa Polandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwao kwa nguvu wakati wa vita. Hao hawakuwa wahalifu hata kidogo, bali wakimbizi. Nao hawakukaa wakipewa tu. Walilima bustani, wakawa na shule zao na kanisa lao. Makaburi yao yako huko hata leo.

Lakini yako majembe mawili. Katika hadithi, mkuu wa genge la wahalifu, Khaderbhai, alimwona mgeni yule, akampenda kama mwanawe, akampa jembe la pili: biashara ya magendo na pasi za uwongo. Lin akalishika kwa mikono ile ile iliyofunga vidonda. Hapo tulihuzunika kuliko mahali pengine po pote, maana moyo wake haukugeuka siku moja. Alipendwa na mtu aliyekuwa na kazi mbaya ya kumpa.

Mwalimu mwenzetu mmoja alituuliza kama wema ule wa mtaani haukuufuta unyang'anyi wa kwanza. Tulimjibu, la. Walionyang'anywa Australia hawakutibiwa Bombay. Jembe humfanya mgeni kuwa mwenzetu, lakini halimlipii deni aliloliacha nyuma.

Basi, ndugu wasomaji, tutazame kwetu. Vijana hushuka katika kituo cha mabasi cha Moshi bila kumjua mtu, wakitafuta kubeba mizigo ya wapandao mlima au kazi yo yote. Siku mbili twawatazama. Siku ya tatu, sisi tusipowapa jembe, yuko mwingine atakayewapa, naye hatachelewa.